Doti ya kanga iliyoliwa na dawa

Ilikuwa Januari 2014, Tanga, joto la kaskazi limekolea na feni ya chumba cha matibabu inarudisha hewa ileile. Mama mmoja aliingia na bintiye wa kidato cha tatu. Hata hajakaa vizuri akasema, "Daktari, uso wa huyu unatoa mafuta kama sambusa iliyotoka karaini. Namsugua, hayaishi."

Kusugua kwenyewe ni sabuni ya mche, ileile ya kufulia, mara nne kwa siku, na jioni kipande cha ndimu. Paji na pua vinang'aa, kidevuni chunusi. Mashavuni ngozi inabanduka magamba membamba kama ya kitunguu. Binti akasema uso ukikaza ndipo anajua umetakata.

Nikamwambia anawe kwa maji matupu, akae nusu saa bila kujipaka kitu. Nikahudumia wengine wawili. Kisha nikachana tishu vipande vinne, nikabonyeza paji, pua, kidevu na shavu. Kile cha pua, nilipokiinua dirishani, kilipitisha mwanga kwa nukta nyingi ndogo, kila nukta imetoka kwenye kitundu chake cha ngozi. Cha shavuni kilikuwa kikavu, na gamba moja limenata.

"Kumbe shavu halina mafuta?" mama akauliza.

Yapo, ila kidogo. Tezi za mafuta zimejazana usoni, kichwani, kifuani na mgongoni juu. Viganjani na nyayoni hazipo kabisa. Wakati wa kubalehe homoni za androjeni huzikuza, na sabuni haizifikii huko chini. Inachofuta ni mafuta yaliyokwisha kutoka, na baada ya saa chache uso unang'aa tena. Pamoja na mafuta hayo sabuni ya kipande, yenye pH (kipimo cha asidi) ya 9 hadi 10, huondoa kinga ya juu ya ngozi ambayo hupenda kukaa karibu na 5. Ule mkazo aliouona usafi ni ngozi iliyopoteza maji. Ndimu ni kali zaidi, na ukitoka nayo juani inaweza kukuunguza ikaacha doa la miezi. Mama akanionyesha vidoa vyeusi vya puani, akisema ni uchafu. Si uchafu: ni mafuta na seli zilizoziba kitundu, zikigeuka nyeusi kwa hewa na kwa rangi ya ngozi yenyewe. Hata angesugua kwa dodoki visingetoka.

Nikaandika: kunawa mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa sabuni laini ya maji ya uso, vidole tu, kama nusu dakika. Losheni nyepesi isiyo na mafuta, hata kama uso unang'aa. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele, tena mbali na paji. Mchana akichoka kung'aa abonyeze tishu, asifute. Usiku, uso ukishakauka kabisa, dawa ya chunusi ya kupaka, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku moja apake, moja aache. Wengi hupaka juu ya chunusi peke yake, na nyingi wakidhani itaharakisha. Wanachopata ni kuungua. Nikasema wasitarajie tofauti kabla ya wiki sita.

Walirudi wiki ya tatu. Magamba yamekwisha, pua bado inang'aa, chunusi mpya mbili tu. Binti anacheka, mama hacheki. Akatoa kanga kwenye mkoba, akaitandaza mezani kwangu: kanga ya rangi ya damu ya mzee, na upande mmoja mabaka ya rangi ya chungwa, mengine meupe pe, pale binti alipokuwa akilaza shavu.

Dawa ile hula rangi ya nguo. Nilijua, sikusema.

"Uso sawa, daktari," akasema, akiikunja taratibu. "Lakini hii ilikuwa doti. Kipande cha pili nikivae na nini?"