Bustani ikilala: kutunza na kupika mboga za majira ya baridi kwenye makazi ya wastaafu

Vyumba vya makazi ya wastaafu ni vidogo, joto linawashwa kutwa kucha, na mavuno yote ya vuli huishia mahali pamoja: kabati la chini ya sinki. Hapo ndipo mboga zinapofia. Viazi vinachipua, karoti zinalegea kama kamba, boga linaoza upande mmoja, kisha lawama hutupiwa mbegu au udongo. Kumbe kila zao lina baridi yake, na mahali panapolifaa moja panaliua jingine.

Karoti, bitiruti na kabichi hutaka baridi kali isiyogandisha, nyuzi 0 hadi 4, pamoja na unyevu mwingi. Viazi hutaka giza na nyuzi 7 hadi 10. Maboga yanataka pakavu, nyuzi 10 hadi 13. Yakikaa kwenye baridi zaidi ya hiyo kwa muda mrefu, nyama yake hujeruhika na madoa mororo hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Vitunguu maji vinapenda baridi, ila pawe pakavu na penye hewa. Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote, nunua kipimajoto kidogo, kilaze usiku mmoja kwenye roshani, usiku mwingine kwenye korido, wa tatu kwenye kona ya chumba iliyo mbali na kipasha joto. Siku tatu hizo zitakuambia mengi kuliko kitabu.

Karoti ndizo zinazolipa fadhila kuliko zao lolote, kwa hiyo nazipa nafasi zaidi. Zivune siku kavu, pukuta udongo kwa mkono bila kuziosha, kisha kata majani karibu kabisa na kichwa, maana jani lililobaki huendelea kunyonya maji ya mzizi. Tenga zote zilizochubuka, zipikwe wiki hiyohiyo. Chukua ndoo au kreti, tandika mchanga sentimita 3, panga karoti bila kugusana, funika kwa mchanga, panga tena. Mchanga uwe na unyevu wa kushikamana ukiufinya lakini usitoe tone la maji. Ukilowa sana, karoti zinaota vinyweleo vyeupe na kuoza, ukikauka, zinanyauka. Karoti zisigusane kwa sababu moja ikianza kuoza huambukiza jirani yake. Kreti iliyojaa mchanga ni nzito mno kwa mgongo wa mtu wa miaka 75: ijaze palepale itakapokaa, au tumia ndoo za lita 5. Kama hali ya hewa itashuka chini ya sifuri, izungushie blanketi kuukuu.

Matofaa yasikae karibu na ndoo hiyo. Yanatoa gesi ya ethilini, na karoti zikiivuta huwa chungu. Viazi navyo vitenge na vitunguu, kwani unyevu wa viazi unaozesha vitunguu na vyote huchipua mapema. Kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani kina solanini, sumu isiyoisha kwa kuchemsha. Kikiwa kijani kidogo tu, kata sehemu hiyo kwa unene wa kutosha. Kikienea au kikiwa kichungu, kitupe.

Sukuma wiki inaweza kubaki kwenye tuta, chini ya kitambaa chepesi cha kukinga jalidi. Ikipigwa na baridi mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili maji ya ndani yasigande upesi, na ndiyo maana majani ya baada ya jalidi ni matamu. Lakini usiyaguse asubuhi yakiwa yameganda. Yakichumwa hivyo yanageuka teketeke. Subiri mchana yalegee. Usitarajie machipukizi mapya: siku ikiwa na mwanga chini ya saa 10 mmea karibu usimame, kwa hiyo unachochuma ni akiba. Chuma ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, ili usilazimike kutembea juu ya barafu kila siku kwa ajili ya majani manne.

Sasa sufuria. Supu ya boga ndiyo mfalme wa majira haya, ila kulipasua boga ni kazi ya hatari kwa vidole vyenye baridi yabisi. Usilipasue. Lichome likiwa zima: boga la kilo 2, lidunge matundu manane kwa ncha ya kisu ili mvuke upate pa kutokea, liweke kwenye oveni ya nyuzi 190 kwa saa moja na robo, hadi kisu kipite bila kubishana. Likipoa linafunguka kwa kijiko. Toa mbegu, chota nyama.

Kwa bakuli 12: nyama ya boga hilo, karoti gramu 500, vitunguu maji 3, punje 4 za kitunguu saumu, adesi nyekundu gramu 300, maji lita 2.2, mafuta vijiko 3 vya mezani. Kaanga vitunguu kwa moto mdogo dakika 12, hadi vilainike bila kuwa kahawia. Tia saumu, karoti zilizokatwa nyembamba, adesi na maji. Chemsha dakika 25, ongeza boga, chemsha nyingine 5, kisha saga. Chumvi vijiko 2 vya chai inatosha. Ndimu itiwe mwishoni kabisa, kwa sababu asidi ikitangulia adesi hukataa kuiva. Ulimi wa mzee huonja hafifu na mkono hukimbilia chumvi. Ndimu, bizari na saumu hujaza pengo hilo bila kupandisha presha. Adesi nazo zinaongeza kama gramu 6 za protini kwa kila bakuli, jambo kubwa kwa mtu ambaye hamu ya chakula imepungua. Ukitumia blenda ya jagi, jaza nusu tu na fungua tundu la kifuniko ukilifunika kwa kitambaa, la sivyo mvuke utakurushia supu usoni.

Anayependa maharagwe mekundu badala ya adesi asikilize kwa makini. Maharagwe haya yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na chungu cha umeme kinachopika polepole hakifiki joto la kuiua. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa moto mkali wa kutokota kweli kwa dakika 30, ndipo yaingie kwenye chungu.

Mnapopika pamoja, bandikeni karatasi yenye viungo vyote kando ya sufuria. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hahitaji kuacha sukuma wiki. Anahitaji kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana vitamini K ikipanda au kushuka ghafla dawa hubadilika nguvu, na akitaka kubadili kiasi amwambie kwanza daktari wake. Mwenye figo dhaifu aliyeambiwa apunguze potasiamu ana shida nyingine: viazi au karoti zikichemshwa kwa maji mengi yakamwagwa, sehemu ya potasiamu huondoka, kwenye supu yote hubaki bakulini. Na kwa anayemeza kwa shida, uzito wa supu ufuate maelekezo aliyopewa, wala si makadirio ya mpishi.

Supu iliyobaki isilale jikoni. Igawe kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu itoke motoni. Sufuria nzima ikiingizwa ilivyo, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi na bakteria huzaliana. Friji iwe nyuzi 4 au chini. Iliwe ndani ya siku tatu; zaidi ya hapo gandisha. Kuna bakteria, listeria, wanaoweza kukua hata ndani ya friji, na uzee ni mojawapo ya hali zinazowapa nafasi, kwa hiyo pasha moto hadi supu ichemke kabisa, isiishie kutoa mvuke. Saumu iliyolowekwa kwenye mafuta isikae mezani hata siku moja. Iwe ndani ya friji na iishe ndani ya siku nne.

Sukuma wiki iliyozidi ichovye kwenye maji yanayochemka dakika 2, iingize kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, ikamue, igawe mafungu ya mlo mmoja na uigandishe. Usipoichovya, vimeng'enya huendelea na kazi hata kwenye friza, na baada ya wiki chache utatoa majani yenye ladha ya nyasi kavu.