Usiku ule sale ilipoingia kwenye mchezo wetu

Kipindi tuko chuo Dar tulikuwa na kikundi chetu cha mchezo wa kusimulia, ule mnakaa mezani na madaftari na dadu, kila mtu ana mhusika wake alafu mmoja ndo anaendesha stori, anawaambia mmefika wapi na mmekutana na nani, na ukijaribu jambo gumu unarusha dadu kuona kama umefaulu. Dunia yenyewe tuliitunga wenyewe. Jamaa wa Tanga akachukua pwani na majahazi yake, mimi nikapewa milima kwa sababu natoka Kilimanjaro, wakasema wewe tuletee watu wa mlimani.

Najua wengi pale mezani walikuwa wanasubiri wale watu wa milimani wa kwenye stori za kizungu, wafupi, ndevu mpaka kiunoni, wanachimba dhahabu na kila anayepita ni adui. Mimi sikutaka, na sio kwamba kwetu vya kufanana na hivo havipo, maana Mamba pale jirani na Marangu wahunzi wanafua mikuki mpaka leo, na wazee wa zamani walichimba mahandaki ya kujificha na familia zao na mifugo wakati wa vita, kwa hiyo chuma ninacho na mapango ninayo. Ila kitu kilichowaweka watu pamoja kule juu mimi najua ni maji, yani mfongo. Hapo ndo nilianzia.

Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji. Unaanzia juu kwenye korongo la mto, wanaziba kidogo kwa mawe na magogo ya migomba na udongo, alafu maji yanaongozwa taratibu kufuata mgongo wa mlima, kilomita kadhaa wakati mwingine, mpaka yanafika kwenye vihamba, yani mashamba ya nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Hakuna pampu. Waliochimba walipima mteremko kwa macho na kwa maji yenyewe, na mimi kila nikisimama pembeni ya mfongo nawaheshimu sana wale watu. Kuna mahali wana nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Na kuna mzee wa mfongo, meku o mfongo, yeye ndo anajua zamu ya nani ni lini na siku ya kusafisha nani kaja na jembe na nani hajaonekana, na ambaye hajaonekana anatozwa faini.

Basi nikatunga watu wangu. Watu wa pwani kwenye mchezo waliwaita Watu wa Juu, lakini wenyewe ukimuuliza mmoja wao wewe nani anakutajia mfereji anaokunywa kabla hajakutajia jina lake. Nikawapa vilele viwili, na stori ya Kibo na Mawenzi ambayo bibi alitusimulia sana, kwamba moto wa Mawenzi ulizimika akaenda kwa Kibo kuomba makaa, Kibo kachoka kuombwa ombwa akamchapa na mchi, ndo maana Mawenzi kachongoka vile mpaka leo na kabaki mita 5,149 wakati mwenzake ana 5,895. Kwa Watu wa Juu nikaifanya iwe sheria kabisa: jirani akija kuomba moto hakuna kumnyima, hata kama mmegombana, hata kama ni usiku wa manane.

Alafu nikaweka sale. Hii sikuitunga. Sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaoona kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee, na kwetu mtu aliyekukosea sana akija na jani la sale mkononi basi kaja kuomba msamaha, na sio rahisi kulikataa, wazee wanaamini ukilikataa balaa linakurudia wewe.

Babu alishanisimulia iliyomkuta yeye. Jirani yake alikuwa anafungulia maji usiku kwenye zamu ya babu, kiangazi, na babu asubuhi anakuta nduwa imebaki tope tupu, migomba inanyong'onyea. Walikaa hawasalimiani muda mrefu, hata msibani wanakaa pande mbili. Siku moja jirani akaja na mzee wa ukoo na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, jani la sale ameshika kwa mikono miwili. Babu anasema alisimama mlangoni akaliangalia lile jani na moyo wake haukutaka kabisa, alikuwa bado ana hasira, ila mkono ukaenda. Jirani akamimina mbege kwenye kata, akaonja yeye kwanza ndo akampa. Babu akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi sikusamehe siku ile. Siku ile nilipokea. Kusamehe kulikuja taratibu tukiwa kwenye mfongo tunatoa matope." Hayo maneno niliyaandika nyuma ya daftari langu la mchezo.

Sasa usiku wenyewe, zamu ya kuendesha stori ilikuwa yangu. Tuko chumbani hosteli, kundi la wachezaji limefika kwa Watu wa Juu na wanafukuzwa na askari wa mfalme mmoja wa tambarare. Dada mmoja wa Mwanza, mhusika wake alikuwa mpiganaji, mtu wa haraka, akaona nduwa imejaa pale juu ya njia akasema nabomoa ukingo. Akarusha dadu, ikakubali. Maji yakashuka, njia ikawa tope, askari wakakwama, meza nzima ikashangilia. Na mimi nilishangilia maana kwa mchezo ilikuwa akili nzuri kweli.

Ila kulipokucha kwenye stori nikawaeleza wanachokiona. Ulezi umelala, ni kiangazi, ile nduwa ilikuwa ya familia kama ishirini hivi. Wakajiandaa kwa vita, wakaanza kuhesabu mishale. Hakuna aliyekuja na mkuki. Watu wa Juu waliwapita tu njiani bila kuwasalimia. Wakienda kununua ndizi, mama muuzaji anafunika kikapu. Mtoto akiwasogelea anaitwa arudi. Jamaa wa Tanga akajaribu kutoa dhahabu, hakuna aliyenyoosha mkono, akataka kurusha dadu ya kushawishi nikamwambia rusha, akapata namba kubwa, nikamwambia mzee amekusikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, alafu ameondoka.

Pakawa na ukimya mezani. Yule dada akaanza kufunua daftari lake kurudi nyuma, anasoma alichoandika tangu walipoanza kupanda mlima, alafu akauliza, "Yale majani marefu ya mipakani, si kuna wazee wawili tuliwaona wanapeana?" Nikamwambia ndio, mliwaona. Akasema nakata jani. Nikamuuliza kwenye mpaka wa nani? Hapo sasa nilikuwa nimeongeza langu, kwetu sijawahi kulisikia, kwamba kwa Watu wa Juu jani la kuombea msamaha hulikati mwenyewe, lazima upewe na mtu wa mfereji uleule ulioukosea. Yani kabla ya kumuomba uliyemkosea lazima apatikane mmoja wao wa kukuamini.

Wenzake wakamwambia achana nao, tupite, mchezo uendelee. Akakataa. Akasema mhusika wangu anaenda kwenye ukingo uliobomoka anajaza udongo kwa mikono, na anaendelea hata asipoangaliwa. Hakurusha dadu yoyote, alisema tu. Nikamleta bibi mmoja wa pale, nikawaambia anakuja anasimama, anamwangalia muda mrefu, dada akamwambia "Shikamoo bibi" kwa sauti ya kweli kabisa, na ndo salamu ya kwanza iliyojibiwa tangu asubuhi. Bibi akamkatia jani.

Yule dada akachana karatasi kwenye daftari, ndefu nyembamba, akasimama, akazunguka meza akaja mpaka nilipo akaishika kwa mikono miwili. Kwenye stori mimi ndo nilikuwa naongea kama mzee wa mfongo. Niliiangalia ile karatasi nikamuona babu mlangoni pale, na kwa kweli sikuwa na haraka ya kuipokea, nikajikuta nina hasira ya mzee ambaye hayupo kwa ajili ya ulezi ambao haupo. Nikaipokea. Nikamwambia kwa sauti ya mzee, "Sijakusamehe. Nimepokea." Jamaa wa Tanga akanong'ona kumbe kuna tofauti, hakuna aliyemjibu.

Yule dada akauliza, sasa tukitaka mtusamehe tufanye nini? Nikamwambia kesho alfajiri pembe italia, ni siku ya kusafisha mfongo kuanzia kule juu kwenye korongo, kila nyumba inatoa mtu, na nyie kuanzia leo mnahesabika nyumba moja, asiyeonekana analipa faini kama wengine wote. Njooni na majembe.

Wakaanza kuulizana nani kwenye kundi ana jembe. Wakapekua orodha za mizigo yao moja baada ya nyingine, panga, upinde, kamba, mienge, jembe hakuna. Ikabidi usiku uleule waende nyumba ya jirani kuazima, na wa kwanza kugonga mlango alikuwa yule dada.