Muhula mmoja, mavuno matatu

Mwakilishi wadi (diwani katika bunge la kaunti) aliyekulia kazini katika idara ya miwa ya kiwanda cha sukari anajua kwamba muhula wake wa miezi 60 ni mavuno matatu. Miwa mipya hukomaa kwa miezi 18 hivi (aina kongwe za miwa kama CO 421 hufika hata 24), kisha inayochipua kwenye visiki hukatwa baada ya miezi 15 au 16. Mkulima wa Mumias au Butali, magharibi mwa Kenya, aliyepanda Agosti 2022, mwezi wa uchaguzi, akivuna kwa wakati atalipwa mara tatu tu kabla ya kura ya 2027. Malipo hayo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani.

Nimekuwa nikiyatafakari maisha ya viongozi wa aina hii, na naona thamani yao kubwa iko katika kuisoma karatasi ya malipo ambayo kiwanda humpa mkulima. Wengine huiangalia jumla ya mwisho tu. Kiongozi huyu huanza na tani za mizani, halafu hushuka kwenye makato: kulima, kupiga haro, kuchora mifereji, mbegu, mbolea za DAP na urea, kukata, kupakia, kusafirisha. Mavuno ya kwanza hubeba karibu gharama zote hizo, kwa hiyo kinachobaki huwa kidogo hata pasipo wizi. Mavuno ya pili hayana kulima wala mbegu, na hapo ndipo familia hupumua. Kiongozi anayelijua hili hamwahidi mtu utajiri wa mkato wa kwanza.

Ekari iliyotunzwa vizuri hutoa tani 25 hadi 30. Karatasi ikionyesha 12, kuna maswali ya kuuliza. Je, trela moja iliandikwa kwa namba ya shamba la jirani? Palizi ilichelewa? Au miwa ilikatwa ikalala shambani siku tano? Muwa uliokatwa unapaswa kufika kiwandani ndani ya saa 24 hadi 48. Ukikawia hukauka na sukari yake huharibika, na kwa kuwa uzito huchukuliwa kwenye mizani, hasara humwangukia mkulima.

Kuchelewa huko mara nyingi ni suala la barabara, na barabara za wadi ni kazi ya kaunti. Hapa mwakilishi ana nguvu kweli, kupitia bajeti. Kalvati ziwekwe kwanza, mitaro ichimbwe, murramu (changarawe ya barabara) umwagwe mwisho, na yote yakamilike Januari na Februari ardhi ikiwa kavu. Pesa zikichelewa, greda hufika Aprili kwenye matope, trela la kwanza lenye mzigo linaichimba barabara, na kazi yote imepotea. Inaniuma sana kuona hilo likirudiwa.

Kiwanda, kwa upande mwingine, hakiko mikononi mwake. Tangu kampuni ya sukari ya Mumias iwekwe chini ya mrasimu (msimamizi anayewekwa kampuni ikishindwa kulipa madeni) mwaka wa 2019, wakulima wamekuwa wakiwauliza viongozi wao habari za malimbikizo ya malipo yao. Uungwana ni kumweleza mzee wazi, "Baba, mimi sina uwezo wa kukulipa, ila madai yako nitakusaidia kuyaandika na kuyafikisha." Aweze pia kueleza Sheria ya Sukari ya 2024: ushuru wa asilimia 4 kwenye sukari, ambapo asilimia 40 ya makusanyo ni ya kuendeleza miwa, 15 ya miundombinu na 5 ya vyama vya wakulima.

Gumu kuliko yote ni miwa michanga. Mwezi wa Julai 2023 usagaji ulisimamishwa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha. Mzazi mwenye karo ya kulipa anataka kuuza muwa wa miezi kumi, na mnunuzi yupo. Kiongozi anajua muwa huo ni maji mengi na sukari kidogo, na kwamba kuukata leo ni kuacha pengo mwaka ujao. Lazima aseme, hata akipigiwa kelele sokoni.

Kisha kuna trekta zake mwenyewe. Wengi waliotoka kwenye sekta hii wana kandarasi za kusafirisha miwa. Sioni kosa katika biashara hiyo, lakini barabara inayopitisha trela zake ikijadiliwa kamatini, atangaze maslahi yake, atoke kikaoni, na kutoka kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu.