Chipu ya Karatasi na Nta: Nilivyopima Chupa 48 za Maji

Chupa 48 zilikuwa zimejaa mezani maabara, kila moja na kibandiko cha mtaa wake wa Nairobi: Kayole, Mukuru, Pipeline. Nyingine zilikuwa na maji ya visima virefu, nyingine maji ya mitungi ya mkokoteni. Nilitaka kujua yana kiasi gani cha naitraiti, kemikali ya nitrojeni na oksijeni. Ikionekana kisimani, mara nyingi uchafu wa choo au mbolea umeyafikia maji, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga: damu yake hushindwa kubeba oksijeni sawasawa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 3 kwa lita.

Mashine ya kusoma rangi tunayo moja, na wanafunzi wanaingojea kwa foleni. Vitendanishi navyo, yaani kemikali za kupimia, vilikuwa vinakaribia kuisha. Nikaamua kutengeneza chipu.

Watu wakisikia chipu za mikrofluidi, yaani vibamba vyenye mifereji midogo ya kupitishia matone, hufikiria kioo, silikoni na chumba kisichoingia vumbi. Mwaka 2007, Andres Martinez na wenzake katika maabara ya George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha kwamba karatasi inatosha. Pampu haihitajiki, maji hujivuta yenyewe kwenye nyuzi za karatasi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Wewe unayajengea kuta tu yasitawanyike.

Kuta hizo zilinila wiki tatu. Nilianza kwa mshumaa na rula juu ya karatasi ya kuchujia. Mistari ilipendeza. Nikadondosha maji yenye rangi, yakafika ukutani, yakapita chini yake. Nilipogeuza karatasi nikaona sababu: nyuma hapakuwa na nta hata chembe. Unene wa karatasi hiyo ni kama milimita 0.18 tu, lakini nta isipozama mpaka upande wa pili, maji yatapata njia.

Nikapanda matatu hadi Kamukunji, kwa mzee mmoja anayegonga masanduku ya bati. Nikamwonyesha mchoro: muhuri wa chuma wenye kingo zilizoinuka, mifereji kumi, kila mmoja ukiishia kwenye kidimbwi cha duara. "Mwanangu, hii ni ya kukatia biskuti?" Nikamwambia ni ya kupimia maji ya visima. Akashika tupa, akaanza kusawazisha kingo moja moja, akinieleza kwamba ukingo ukiwa chini hata kidogo, hapo ndipo maji yatatorokea. Alikuwa amegusa penyewe.

Muhuri naupasha kwenye bamba la moto. Natandika karatasi iliyolowa nta juu ya karatasi ya kuchujia, nagandamiza sekunde mbili tatu, kisha ile ya kuchujia naiweka kwenye bamba kidogo ili nta izame. Hapo usigeuze macho: nta ikizama hutambaa kando pia. Mfereji wa milimita 4 ulibaki kama 3, na nilipochelewa kuutoa ukaziba kabisa. Mzee alinipanulia nafasi bila kudai malipo mapya.

Kwenye vidimbwi niliweka vitendanishi vya Griess, nikavikausha gizani. Naitraiti ikifika, panakuwa waridi. Mifereji minne niliiachia maji niliyoyatengeneza mwenyewe, yenye miligramu 0, 1, 3 na 6 kwa lita. Sita iliyobaki ikawa ya sampuli. Katika kazi yote, huu ndio uamuzi ninaouthamini zaidi. Mwanga wa dirishani hubadilika, na kamera ya simu hujirekebisha inavyotaka, lakini rangi ninayoijua ikiwa kwenye karatasi ileile na picha ileile, zote zinabadilika pamoja. Kwenye kompyuta nilisoma kiasi cha kijani tu, kwa kuwa rangi hiyo ya waridi hufyonza mwanga wa kijani.

Mwanzoni rangi ilisukumwa ikakusanyika ukingoni, katikati pakabaki peupe. Maji yalikuwa mengi mno. Nilipopunguza tone mpaka kiasi cha kujaza mfereji na kidimbwi chake, ikatulia.

Kila chupa niliipima mara tatu, chipu 24, siku moja na nusu. Chupa sita nilizirudia kwenye mashine, zikapangana vilevile kutoka hafifu hadi kali.

Kisima cha ploti moja Kayole kilipita rangi ya duara la miligramu 3 mara zote. Jioni hiyohiyo nilitia chipu mpya kwenye bahasha, nikaenda kwa mwenye ploti. Tarakimu sikuanza nazo. Nilimwonyesha duara la 3, kisha la kisima chake. Aliliangalia kwa muda, akauliza kama kuchemsha kungesaidia. Nikamwambia hapana, naitraiti haiondoki kwa moto.

Akamwita mkewe. "Mwambie yule mama wa chumba cha tano asimkorogee mtoto na maji haya. Nenda sasa hivi, kabla hajawasha jiko."