Bwana, na huyu je?

Somo la wiki: Yohana 21:15–23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Novemba imefika na vijana wetu wa kidato cha nne wamo kwenye mitihani ya taifa. Wiki hii natamani tuitazame nusu saa moja tu katika siku zao zote za mtihani, ile inayofuata baada ya pepa ya Hisabati. Saa tatu zimekwisha, msimamizi amekusanya vijitabu, watahiniwa wametoka nje. Hawajafika hata kwenye bomba la maji, tayari wamejikusanya vikundi vikundi chini ya miti. "La saba umepata ngapi?" "Ile ya pembe umetumia sine au tan?" "Sehemu B umeacha mangapi?" Wapo wanaoongea kwa sauti ya juu, na wapo waliosimama pembeni na mikebe yao mkononi, kimya, kila namba inayotajwa wanaipima na ile waliyoiandika wao.

Somo hili la Hisabati linaogopwa, na hofu yenyewe ina sababu. Ni la lazima kwa kila mtahiniwa. Kikokotoo hakiruhusiwi, mtu anabaki na majedwali yake ya namba na kichwa chake. Ili upate D, daraja la chini kabisa la kufaulu, zinatakiwa alama 30 kati ya 100, na mwaka hadi mwaka watahiniwa wengi nchini hawazifikishi. Kwa hiyo kijana anapotoka kwenye chumba kile hajatoka na hofu yake peke yake. Ametoka na ada iliyopatikana kwa kuuza mahindi, na matumaini ya mama, na wadogo zake wanaosubiri kuona kama njia inapitika.

Chukueni swali moja la kawaida darasani: log x + log (x − 3) = 1. Ukilifungua linakuwa x² − 3x − 10 = 0, na yanajitokeza majibu mawili, 5 na −2. Mwanafunzi makini anakumbuka kwamba namba hasi haina logi, anaikataa −2, anaandika 5 peke yake. Amepatia. Anatoka nje, anawakuta wenzake watatu wanasema kwa pamoja, "Majibu ni mawili, 5 na −2." Anauliza tena, wanamjibu vilevile, na mmoja wao ndiye kipanga wa darasa. Kwenye karatasi jibu lake bado ni sahihi. Moyoni ameshalifuta. Usiku halali vizuri, na kesho asubuhi anaingia kwenye pepa nyingine akiwa ameshavunjika kwa ajili ya swali alilolipata.

Nao wale watatu si watu wabaya. Walitafuta faraja, maana jibu lako likikubaliwa na wenzako wawili unapumua. Lakini faraja ya namna hiyo humgharimu mtu mwingine aliyesimama pale pale, na mara nyingi anayegharimika ni yule asiyesema kitu.

Sasa twende ufukweni mwa bahari ya Tiberia. Petro amekula mkate na samaki aliopewa na Bwana mfufuka, kando ya moto wa makaa. Tukumbuke jinsi alivyofika hapo. Usiku ule kabla ya Yesu kukamatwa Petro alijipima na wenzake mbele ya wote: "Wajapochukizwa wote kwa ajili yako, mimi sitachukizwa kamwe" (Mathayo 26:33). Hakusema tu kwamba anampenda Bwana. Ni kama alisema anampenda kuliko hawa wengine. Kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana mara tatu.

Baada ya kula Yesu anamwuliza, "Simoni wa Yohana, wewe wanipenda kuliko hawa?" Swali hili linagusa kidonda chenyewe. Neno "kuliko hawa" limebeba majivuno ya Petro mwenyewe, na Bwana analirudisha mezani kwa upole. Petro anajibu, "Naam, Bwana, wewe wajua kuwa nakupenda." Isomeni tena polepole. "Kuliko hawa" haimo kwenye jibu. Kaiacha. Hana tena nguvu ya kujipima na Yohana wala Tomaso wala Nathanaeli, na anayemwachia kipimo ni Bwana: wewe wajua. Kisha angalieni jambo ambalo kwangu mimi ni la thamani kubwa kuliko yote katika sura hii. Mara ya pili Yesu anauliza, "wanipenda?" Mara ya tatu, "wanipenda?" Naye ameiacha "kuliko hawa". Petro alipoacha kujilinganisha, Yesu hakumlazimisha kurudi huko. Alibaki na swali moja tu kati yake na Petro, na kila jibu lilifuatwa na kazi ya kufanya: lisha, chunga.

Mngedhani Petro amepona kabisa. Lakini mistari michache baadaye, Bwana akiwa ameshamwambia habari za kifo chake, na akiwa ameshamwambia, "Nifuate," Petro anageuka nyuma. Anamwona yule mwanafunzi mwingine akifuata. Naye anauliza, "Bwana, na huyu je?"

Wapendwa, mimi sioni kwamba Petro aliuliza kwa wivu tu. Alikuwa amepewa habari nzito, kwamba atanyosha mikono yake na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mtu aliyepewa jambo zito hugeuka kutafuta mwenzake, amwangalie usoni, ajue kama naye amepewa lile lile. Ndicho wanachofanya vijana wetu chini ya ule mti. "Wewe umepata ngapi?" mara nyingi maana yake ni "Niambie kwamba siko peke yangu." Yesu analijua hilo, na hamkemei Petro kwa kuogopa. Anamwambia tu kwamba habari ya yule mwingine iko mikononi mwake yeye Bwana. "Wewe unifuate mimi."

Na Yohana hakuishia hapo, ameongeza mstari ambao wengi wetu tunaupita haraka. Mstari wa 23 unasema neno lilienea katikati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule hafi. Yesu hakusema hivyo! Alisema "ikiwa nataka huyu akae hata nijapo". Lakini ndugu walisikia nusu, wakapeana, wakakubaliana, na jibu lisilo sahihi likazunguka kanisani likiwa na uzito wa watu wengi. Ilibidi Mwinjili aandike kuwarudisha kwenye maneno yenyewe yaliyosemwa. Kwa hiyo kukubaliana kwa ndugu wapendwa, waaminifu, wanaosali pamoja, hakulifanyi jibu kuwa la kweli. Kama kanisa la mitume lilipitiwa na jambo hili, tusishangae watahiniwa watatu chini ya mwembe wakikubaliana kwenye −2.

Kijana wangu unayesoma haya ukiwa katikati ya mitihani, mtume Paulo ana neno lako: "msihukumu neno kabla ya wakati wake" (1 Wakorintho 4:5). Paulo aliandika juu ya watumishi wa Mungu na jinsi Wakorintho walivyowalinganisha, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Lakini anakufaa na wewe. Maelekezo ya pepa ya Hisabati hukutaka uonyeshe wazi njia uliyopita mpaka kufika kwenye jibu, na msahihishaji hutoa alama kwa hatua zako. Pale nje watu wanapeana mstari wa mwisho tu. Hakuna anayeuona ukurasa wako. Hakuna anayeona ulivyoanza vizuri, ukakosea kutoa kwenye hatua ya nne, ukaendelea kwa uaminifu hadi mwisho. Paulo anasema Bwana atayamulikisha yaliyositirika, "ndipo kila mtu atakapoipata sifa yake kwa Mungu." Haya ya Mungu ni makubwa kuliko mtihani wowote, lakini ni Mungu yule yule aliyekuona jana usiku unajisomea kwa tochi ya simu.

Na wewe uliyejaliwa kichwa cha hesabu, nakusihi. Sauti yako ina uzito kuliko unavyodhani. Ukisema "pepa ilikuwa mteremko", yuko anayeisikia kama hukumu. Mungu hakukupa kipawa hicho ili kizime taa ya mwenzako. Wakati wa kulinganisha majibu ulikuwepo, na ulikuwa mzuri: kwenye disikasheni, Agosti na Septemba, mlipokaa na pepa za miaka ya nyuma, mkabishana, mkafundishana, na aliyekosea akarudia palepale. Kulinganisha kule kulijenga. Aliyekosea alikuwa na nafasi ya kujifunza. Leo karatasi zimeshafungwa kwenye bahasha, na mazungumzo hayawezi kuongeza hata nusu alama kwa mtu. Akija mwenzako anatetemeka, usimpe jibu lako. Mpe maji, muulize kesho ana pepa gani, kaeni mpitie hiyo.

Wazazi, na sisi tuna mti wetu. Uko kwenye simu. "Wa kwako amesemaje?" "Wa jirani kasema amemaliza yote." Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Naamini lilifanya vyema. Lakini orodha iliyoondolewa kwenye matangazo bado imebandikwa kwenye nyumba zetu nyingi, ikisomwa wakati wa chakula: binamu yako alipata divisheni wani, mtoto wa mchungaji alipata A. Mtoto anayeisikia orodha hiyo kila jioni anajifunza kumwuliza Mungu "na huyu je?" kabla hajajifunza kusema "wewe wajua kuwa nakupenda." Akifika nyumbani leo, mama, baba, mpokee begi. Chakula kiwepo. Maswali ya pepa yangoje, labda hata yasiulizwe kabisa mpaka yeye mwenyewe atakapotaka kusema.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua kila ninaposoma Wagalatia 6, na nitakisema. Mstari wa 2 unatuambia tuchukuliane mizigo. Mstari wa 4 unamtaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, na wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Kwa vijana wetu naona yote mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Karatasi ile ni furushi la mtoto, hakuna anayeweza kuingia naye chumbani. Hofu yake ni mzigo, na huo tunaweza kuuinua pamoja naye. Tatizo letu ni kwamba tumegeuza: tunahangaika na furushi lake, alama zake, nafasi yake darasani, na mzigo wake tunamwachia aubebe usiku peke yake. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Kutoka sasa mpaka wakati huo ni majuma mengi kwa mtoto wa miaka 17 anayeamini ameshafeli.

Kwa hiyo wiki hii, kila jumuiya iwatafute watahiniwa wake kwa majina. Kwenye kijitabu cha mtihani wanaandika namba, na msahihishaji hatawajua. Sisi tunawajua. Tukiwaombea tuwataje.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyemsubiri Petro ufukweni na moto ukiwa umeshawaka, wasubiri watoto wetu mlangoni pa chumba cha mtihani. Aliyepatia na akadhani amekosa, mpe usingizi usiku huu. Aliyekosa kweli, mkumbushe kwamba bado unamwuliza kama anakupenda, na bado una kazi ya kumpa. Walinde wanaosafiri mbali kwa miguu kwenda shule alfajiri. Wape walimu wanaosahihisha macho ya haki na uvumilivu kwa kila ukurasa. Na yule binti au kijana ambaye leo hakusimama na kikundi chochote, akaondoka peke yake kupitia nyuma ya madarasa, mpe mtu wa kutembea naye mpaka nyumbani.

Amina.