Maiti Wanaosutana: Namna ya Kumsoma Máirtín Ó Cadhain

Mtu wa Tanga aliyezoea mipasho ya taarab hana sababu ya kuiogopa Cré na Cille. Ni riwaya ya Kiayalandi, ya kusutana mwanzo mwisho, ila wanaosutana wote wameshazikwa. Humo kaburini hakuna Munkari wala Nakiri. Maiti wanahojiana wenyewe kwa wenyewe, wala hakuna anayekiri kosa.

Mwandishi wake, Máirtín Ó Cadhain, alizaliwa 1906 karibu na An Spidéal, magharibi mwa Ayalandi, miaka 3 kabla ya Shaaban Robert wetu wa Vibambani. Alifundisha shule za msingi hadi 1936, akafukuzwa kwa kuwa mwanachama wa IRA, jeshi la siri la wapigania uhuru wa Ayalandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya nchi yake ikamweka kizuizini kambi ya Curragh, 1940 mpaka 1944, na humo akawa anawafundisha wenzake Kiayalandi. Baadaye alikuwa mfasiri bungeni, kisha mwalimu wa Trinity College, Dublin, akapewa uprofesa 1969. Mwaka uliofuata akafariki. Riwaya yenyewe ilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la Irish Press mwaka 1949, halafu Sáirséal agus Dill, nyumba ndogo ya uchapishaji, wakaitoa kitabu.

Wengi huiacha njiani kwa sababu wanamsubiri msimulizi. Hayupo. Sehemu zote 10 ni maneno ya watu tu, na majina ya wasemaji hayakuandikwa pembeni kama kwenye tamthilia. Kistari mwanzoni mwa mstari maana yake mtu ameanza kusema. Kistari chenye nukta tatu, umeyakuta mazungumzo katikati. Nukta tatu peke yake, bila kistari, kuna maneno yamepita hukuyasikia. Ni kama kupita barazani bila kusimama.

Msemaji utamjua kwa kibwagizo chake. Anayejisifu kwa painti 42 alizokunywa ataendelea nazo hadi mwisho. Mwalimu Mkuu anamlilia mkewe aliyeolewa na tarishi wa posta. Rubani Mfaransa bado anajifunza lugha ya wenyeji chini ya udongo. Chukua karatasi, andika jina na kibwagizo. Ukifika sehemu ya tatu hutaihitaji tena. Majina nayo yasikutishe: Caitríona Pháidín ni Caitríona binti Páidín, Nóra Sheáinín ni Nóra binti Seáinín. Ukisoma na wenzako, gawaneni sauti na msome kwa kutamka. Kimyakimya, matusi yake yanapoa.

Caitríona ndiye roho ya kitabu. Amezikwa juzijuzi tu, na la kwanza analotaka kujua ni kama wamemlaza kwenye viwanja vya pauni moja au vya shilingi 15. (Vya nusu gini ni vya mafukara, na hataki hata kuvisikia.) Dada yake Nell, aliyeolewa na mwanamume ambaye Caitríona alimtaka, bado yu hai huko juu. Wawili hao wanagombea wosia wa dada yao aliyeko Marekani, jina lake Baba, na pia shamba la jamaa yao mmoja, Tomás. Sasa habari za juu zinafikaje chini? Kwa kila maiti mpya. Kwa hiyo ukitaka kufuata kisa, fuata mazishi: nani kaingia, kaja na habari gani, na habari hizo zinapingana wapi na za aliyemtangulia. Caitríona kila anayeshuka anamuuliza lile lile, kama msalaba wa kaburi lake umeshasimamishwa. Majibu yake yaandike, maana watu wanadanganya hata wakiwa wamekufa.

Panapochosha ni pale sauti iitwayo Parapanda ya Makaburini inaponena kwa lugha nzito ya kishairi. Ukikwama, ruka, urudi baadaye, kisa hakitakupotea.

Kwa Kiingereza kuna tafsiri mbili. Ya Alan Titley, 2015, imejiachia na ina matusi motomoto, hiyo ndiyo ya kusomeana. Ya Liam Mac Con Iomaire na Tim Robinson, 2016, inashikamana zaidi na maneno ya asili, na ndiyo bora kwa anayetaka kuchambua. Mimi ningeanza na ya Titley. Ukiona riwaya ni kubwa mno, tafuta kwanza hadithi zake fupi zilizofasiriwa 1981 na Eoghan Ó Tuairisc, uanze na ile ya mwanamke anayetembea alfajiri na mapema kwenda mjini Galway, mzigo mgongoni, kuuza siagi na mayai.