Nilivyofuatilia asili ya Batalioni ya 291 ya Wahandisi

Jirani yangu hapa Texas aliponiomba nimsaidie kujua babu yake alipigana wapi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikuwa na barua mbili tu za mwaka 1943. Ya kwanza ilitaja Kombania D ya Rejimenti ya 82 ya Wahandisi, ya pili Kombania A ya Batalioni ya 291, na familia iliamini kwamba alihamishwa akatenganishwa na wenzake wa mafunzo.

Jalada lake halikupatikana, kwani moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960. Niliamua kukitafuta kikosi badala ya mtu.

Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilikuwa likivunja rejimenti zake za wahandisi wa medani: makao makuu ya rejimenti yakawa ya kundi, yaani ya kuongoza batalioni kadhaa, na batalioni zenyewe zikajitegemea. Ndivyo batalioni ya pili ya Rejimenti ya 82, iliyokuwa katika kambi ya jeshi ya Camp Swift hapa hapa Texas, ilivyogeuka kuwa Batalioni ya 291 mwezi Machi. Lililonifungua macho ni herufi. Ndani ya rejimenti, batalioni ya kwanza ilikuwa na kombania A, B na C, na ya pili D, E na F. Batalioni hiyo ilipopata namba yake, herufi zilianza upya, D ikawa A. Babu hakuhamishwa, bali alibaki na watu wale wale chini ya jina jipya. Kwa maoni yangu, anayefuatilia kikosi cha wahandisi wa wakati ule aifuate kombania kabla ya kuiamini namba.

Kuanzia hapo njia ilinyooka. Kombania A ndiyo iliyolipua daraja la Habiemont, juu ya mto Lienne nchini Ubelgiji, tarehe 18 Desemba 1944, safu ya vifaru ya kamanda wa Kijerumani Joachim Peiper ikilikaribia, na Machi 1945 batalioni ilishiriki kujenga daraja la kuelea Remagen, kwenye mto Rhine nchini Ujerumani, huku mizinga ya Wajerumani ikiwalenga. Ripoti za kila asubuhi za kombania, zilizoandika nani yupo, nani mgonjwa na nani kajeruhiwa, zilihifadhiwa mbali na majalada ya askari mmoja mmoja, nami nimemwandikia jirani ombi la zile za Desemba, likitaja kombania kwa majina yake yote mawili.